Thamostati Imetolewa, Pikapu Haichemshi Tena: Tuko Tayari kwa Route 66?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Mimi na shemeji yangu tumenunua pikapu ya Chevrolet 3100 ya mwaka 1952, bado ina injini yake ya asili, ile 216 (inchi za ujazo) ya silinda sita. Julai tunataka kuondoka nayo Chicago tuifuate Route 66, ile barabara kuu ya kale ya Marekani, mpaka Santa Monica, California. Ilikuwa inachemsha kila tukipanda kilima. Fundi akatoa thamostati, na sasa geji haifiki hata katikati. Anasema magari ya zamani hayakihitaji kifaa hicho, hasa jangwani. Je, tubebe wota pampu ya akiba, au kuna dawa ya kuongeza kwenye rejeta?

JIBU: Ndugu yangu, umeniuliza pampu, lakini mimi nimekwama kwenye thamostati. Wiki haipiti bila kuletewa gari la kale lililonyofolewa kifaa hicho. Mwenyewe anashuka anatabasamu: "Fundi, lilikuwa linachemsha, sasa limepona." Nafungua kifuniko cha rejeta, nakuta maji yana rangi ya chai ya maziwa. Hapo najua ugonjwa uko palepale, aliyeondoka ni shahidi.

Hebu tufikirie pamoja. Thamostati ni mlango wa maji kati ya injini na rejeta. Ukiandikwa nyuzi 82, unaanza kufunguka maji yakifika hapo, na yakizidi kidogo unakuwa wazi kabisa. Pikapu yako ilipokuwa inafuka moshi kilimani ilikuwa karibu na nyuzi 100. Mlango ulikuwa wazi zamani. Sasa huyo aliyeutoa ameongeza nini? Rejeta ni ileile, feni ni ileile, uchafu ni uleule. Kama thamostati ilikuwa imekwama ikiwa imefunga, sawa, ndiyo iliyokuwa inachemsha, na dawa yake ni kununua nyingine. Lakini naona fundi wako hakuipima. Wengi hawapimi, kwa sababu kutoa ni bolti mbili tatu na gasketi, dakika ishirini mtu ameshalipwa.

Kuipima ni kazi ya jikoni. Chukua uzi, ubane kwenye mdomo wa thamostati ikiwa ya baridi, izamishe ndani ya sufuria ya maji ikiwa inaning'inia kwenye uzi huo, weka na kipimajoto, washa jiko. Maji yakikaribia nyuzi zilizopigwa muhuri pale kwenye shaba, mdomo unaachia uzi na thamostati inadondoka chini ya sufuria. Ikidondoka mapema mno au isipodondoka kabisa, tupa. Mtoto wa shule anaweza.

Utaniuliza: basi mbona geji imeshuka? Kwanza, nadhani mmeijaribu barabara tambarare, jioni, bila mzigo. Injini isiyo na thamostati ikiendeshwa polepole hukaa baridi, kwa hiyo mnaanza kupanda mkiwa chini zaidi na inachukua muda kufika juu. Hiyo ni kuchelewesha tu. Kwenye mpando wa dakika thelathini itafika. Pili, na hili ndilo linaloniogopesha, ile geji inasoma kwa kidonge kilichochomekwa kwenye silinda hedi. Kidonge hicho kinatakiwa kizame ndani ya maji. Maji yakipungua kikabaki hewani, geji inaweza kusoma chini huku chuma kikiungua. Nimewahi kupokea injini ambayo hedi yake ilipasuka na mwenyewe anaapa sindano haikuvuka katikati. Alikuwa anasema kweli.

Na maji yatapunguaje? Rejeta ya pikapu kama yako hupokea maji kwa juu na kuyashusha kwa mishipa mpaka chini. Ukitoa thamostati, pampu haina kizuizi tena: ukikanyaga mafuta barabara kuu inasukuma maji juu kwa kasi kuliko mishipa, hasa iliyoziba nusu, inavyoweza kuyashusha. Tangi la juu linajaa. Rejeta za enzi hizo zilikuwa na shinikizo dogo au hazina kabisa, kwa hiyo maji yanapata njia rahisi, kile kibomba cha pembeni, na yanamwagika lami bila wewe kuona. Unasimama kula, unafungua, rejeta iko nusu.

Kuna wenzangu wanaotetea thamostati kwa hoja ya kitoto, eti bila hiyo maji hupita haraka mno yakakosa muda wa kupoa. Si kweli. Maji yakienda haraka hubeba joto vizuri zaidi. Hoja mbovu ikitetea jambo jema huliharibu, maana mjanja mmoja akiivunja, watu wanadhani na thamostati yenyewe imeshindwa.

Halafu kuna upande ambao hakuna anayeuliza, baridi. Flagstaff, mji wa Arizona mtakaoupita, iko mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari. Asubuhi hata wakati wa kiangazi utatafuta sweta. Injini yako ya 216 haina oili ya shinikizo kwenye beringi za koni rodi, zile fimbo zinazounganisha pistoni na krenki, kama injini za leo. Kila rodi ina kijiko chini yake kinachochota oili kwenye vihori na kuirusha. Beringi zenyewe ni madini laini yaliyomiminwa. Injini ikitembea baridi kutwa, petroli isiyoungua inateremka kwenye oili na kuifanya nyepesi kama maji, unyevu nao haupati joto la kutosha kuondoka. Hicho ndicho vijiko vitakuwa vinarusha kwenye beringi laini kwa karibu kilomita 3,940. Huyo fundi hakuwaambia hilo.

Sasa tutafute ugonjwa wenyewe. Kwenye bloku, ule mwili wa chuma wa injini, kuna koki ya kumwagia maji. Ifungue injini ikiwa ya baridi. Kwenye injini nyingi za miaka hiyo zinazofika kwangu, hakitoki kitu. Mwenyewe anasema, "Basi haina maji." Nachukua waya mgumu, nautia pale, nazungusha, nasikia unakwaruza kama uko kwenye mchanga, halafu ghafla unateleza na tope la kahawia linatoka, zito kama uji, na nyuma yake ndiyo maji. Hiyo ni kutu na masimbi ya miongo saba, na hujikusanya zaidi silinda za nyuma, mbali na pampu. Kumwaga rejeta peke yake hakuligusi. Inabidi zile plagi za bati za ubavuni, yaani vifuniko vya matundu ya bloku, zitolewe, bloku ichokonolewe na kuoshwa kwa maji ya nguvu, rejeta nayo ipelekwe kwa mtu wa rejeta akaifungue. Baadaye zime injini ikiwa ya moto, feni ikishasimama papasa uso wa rejeta kwa kiganja: pakiwa na sehemu ya baridi, mishipa ya hapo imeziba. Angalieni pia taiming, yaani wakati plagi inaporusha cheche, kwa sababu moto wa plagi ukichelewa injini huchemsha hata rejeta ikiwa mpya. Dawa ya kuongeza? Kulanti nusu kwa nusu na maji safi. Chupa za miujiza zinazoziba uvujaji huziba na kile kidogo kilichokuwa kimebaki wazi.

Kuhusu njia yenyewe, kumbukeni kwamba maji matupu kule Flagstaff huchemka kwenye nyuzi 93 hivi. Kwa geji yenu ya Fahrenheit hiyo ni kama 199, wakati ninyi mnasubiri 212 ya usawa wa bahari. Jangwani California, kuanzia Needles kupita Amboy hadi Barstow, Julai joto hupita 40 kwa urahisi. Wasafiri wa miaka ya 1930 walining'iniza mifuko ya turubai yenye maji mbele ya gari, na walipita usiku. Pitieni alfajiri. Na kabla ya kuingia kipande hicho ulizeni kama kiko wazi, mafuriko ya ghafla yamewahi kuvunja madaraja yake zaidi ya mara moja.

Route 66 yenyewe ilifutwa rasmi kwenye orodha ya barabara kuu mwaka 1985, imebaki vipande vipande, na kati ya kipande na kipande mtalazimika kupanda I-40, barabara kuu ya kisasa, ambako malori yanakwenda kilomita 120 kwa saa. Msishindane nayo. Kwa ekseli ya asili ya 4.11 (shafti huzunguka mara 4.11 kwa kila mzunguko wa gurudumu), kilomita 80 tayari ni karibu mizunguko 2,500 kwa dakika. Kaeni hapo, kulia, waacheni wanaopita wapite.

Lakini hayo yote ya maji yakienda vibaya, mtakaa pembeni mkisubiri gari la kuvuta. Ninachokiwazia usiku ni breki, na hamjaziuliza.

Kutoka Kingman, Arizona, mtapanda Sitgreaves Pass, njia ya kuvukia milima, mita 1,080 hivi, kisha mtashuka kona kwa kona kwenda Oatman. Barabara ni nyembamba kiasi kwamba magari yanayozidi futi 40 hayaruhusiwi, na ilipopatikana njia nyingine mwanzoni mwa miaka ya 1950 wengi waliikimbia. Pikapu yenu ina breki za ngoma magurudumu yote manne, na breki masta ya njia moja. Maana yake mpira mmoja wa kupitisha mafuta ya breki kwenye gurudumu moja ukipasuka, mmepoteza yote manne kwa mkupuo. Hata usipopasuka, ngoma ikipata moto inatanuka na kuukimbia msasa, pedeli inazidi kwenda chini. Mafuta ya breki nayo yanafyonza unyevu wa hewani: DOT 3 mapya yanatakiwa yavumilie angalau nyuzi 205 kabla ya kuchemka, yakishalewa maji kiwango kinashuka hadi 140. Yakichemka unakanyaga mvuke. Kwa hiyo mipira yote ya breki mipya, mafuta mapya, na kama mnaweza fungeni breki masta ya njia mbili. Ni badiliko pekee ambalo sitakugombeza kwa kuharibu uasili wa gari.

Pale kileleni simameni kabisa. Kama gia zenu ni zile tatu za usukani, namba moja haikubali kuingia gari likitembea, utasaga meno tu. Mkiwa bado mmesimama chagueni mtakayoshuka nayo, moja au mbili, kisha acheni injini ishike gari. Breki kanyageni kwa vipindi, achieni zipoe. Kuna washauri watakaowaambia mteremke kwa fri, gia ikiwa imeachiwa, ili injini ipumzike na mafuta yabaki. Mtu akikwambia hivyo, usimwachie hata spana. Injini haichoki kwenye mteremko, na hiyo ndiyo breki yenu ya tano. Chini, Oatman, mtakuta punda wamesimama katikati ya barabara, wa ukoo wa wale walioachwa na wachimba dhahabu, na hawana haraka ya kupisha mtu.

Mnaona jinsi swali la pampu lilivyotufikisha huku. Sababu ni kwamba mkono ulionyofoa thamostati naujua tabia. Ndio unaofunga vibanio vya nguo kwenye bomba la petroli, eti petroli isichemke, badala ya kulisogeza mbali na ekizosi. Ndio unaoweka kipande cha karatasi ya fedha mahali pa fyuzi kwa sababu "fyuzi inakatika ovyo". Ndio unaopaka tairi rangi nyeusi na kukwambia bado lina kashata, yaani meno, wakati ukisoma zile namba nne za mwisho kwenye alama ya DOT unakuta 3107, yaani wiki ya 31 ya mwaka 2007. Kashata haizeeki, mpira unazeeka. Fundi kishoka humjui kwa mikono michafu; unamjua kwa kuwa kila tatizo kwake lina kitu cha kutoa, na hakiandikwi popote kuwa kimetolewa. Mkimrudia, mwambieni awaonyeshe vyote alivyovitoa kwenye gari hilo, viwekwe mezani kimoja kimoja. Akisema ametupa, tafuteni mtu mwingine kabla ya kugusa breki.

Wota pampu ya akiba bebeni, pamoja na gasketi yake, mkanda wa feni mmoja na mipira ya rejeta ya juu na ya chini. Havichukui nafasi. Lakini kwanza hiyo koki ya bloku. Ifungueni kesho asubuhi kabla hamjawasha, mkiwa na waya mkononi na beseni chini, halafu mniandikie kimetoka nini.