Mguu kifundo unatibika, ila kazi kubwa iko kwenye viatu

Mtoto akizaliwa nyayo zimegeukia ndani, mpeleke kliniki ya mguu kifundo ndani ya wiki mbili za mwanzo. Usisubiri arobaini iishe, wala usisubiri aanze kusimama. Mimi nikiwa bado mzazi niliambiwa na mhudumu wa zahanati moja nimwache mwanangu akue kwanza, apasuliwe akishapata nguvu. Dada yangu alikataa katakata. Akatubeba kutoka Mbagala hadi hospitali ya CCBRT, Msasani, Dar es Salaam, na miguu yote miwili ikaanza kunyooshwa mtoto akiwa mchanga.

Zamani kweli wengi walipasuliwa. Maungio na kano zililegezwa kwa kisu, na watoto wale walipofika utu uzima, miguu ya wengi ilikuwa imekakamaa na inauma. Aliyegeuza mambo ni Dk. Ignacio Ponseti, mzaliwa wa Hispania aliyefanya kazi Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani. Aliona kwamba kano za mtoto mchanga ni laini mno: ukiusukuma mguu taratibu kwa mkono, kidogo kidogo kila wiki, kisha ukafungwa hogo, ile plasta ngumu, ubaki pale ulipofika, mifupa hujipanga yenyewe. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1963, lakini madaktari wengi walikuja kumkubali miaka ya 1990, tena wazazi wa watoto waliopona ndio waliosaidia sana kuzieneza habari. Leo ndiyo tiba inayotangulia karibu duniani kote.

Hogo linaanzia vidoleni hadi pajani, goti likiwa limekunjwa. Linabadilishwa kila wiki, na mara nyingi matano hadi saba yanatosha. Kazi yako nyumbani ni kulinda lisilowe (mkojo ndio adui mkubwa, badilisha nepi mapema) na kuangalia vidole. Bonyeza kidole gumba, kiachie: kikipauka halafu wekundu ukarudi upesi, damu inapita. Vikiwa vya baridi, vimevimba au vimebadilika rangi, rudi hospitali siku hiyo hiyo. Na vidole vikianza kuzama ndani ya hogo ujue limeteleza, halifanyi kazi tena, linaweza hata kumuumiza.

Mwishoni watoto wengi hukatwa kano ya kisigino. Neno "kukatwa" liliniondoa usingizi. Kumbe ni tundu dogo, kwa sindano ya ganzi, dakika chache tu, halafu anafungwa hogo la mwisho la wiki tatu. Kano inajiunga upya ikiwa ndefu zaidi, na kisigino kinashuka.

Hapo ndipo wazazi wengi tunapolegea. Miguu imenyooka, picha zimetumwa kwenye grupu la familia, kila mtu anashukuru. Lakini mguu ule bado unataka kurudi ulikotoka. Mtoto anapewa viatu vilivyounganishwa kwa kipande cha chuma, anavivaa saa 23 kwa siku kwa miezi mitatu, kisha wakati wa kulala tu, usiku na mchana, mpaka afike miaka minne au mitano. Miaka, siyo miezi! Sababu kubwa ya mguu kupinda tena ni kuviacha viatu hivi kabla ya wakati.

Siku za mwanzo atalia. Usimvue kila akilia, maana atajifunza kwamba kilio ndicho kinachovua. Shika kile chuma, mkunjie na kumnyooshea magoti yote mawili kwa pamoja kama mchezo, mpaka agundue kwamba miguu inapigwa pamoja. Wangu alipolishika hilo, alianza kugonga godoro kwa chuma chake huku anacheka. Mvalishe soksi za pamba, joto la Dar ni kali na ngozi inatoka jasho. Kaza kwanza mkanda wa katikati, ule unaokaa juu ya kifundo, kwa sababu ndio unaoshikilia kisigino chini. Ukiona wekundu usipake mafuta, yanailainisha ngozi na malengelenge yanakuja haraka.

Maneno yatakuwepo. Watasema mama alimcheka mlemavu, watasema karogwa. Watoto wa namna hii huzaliwa kila nchi, takriban mmoja au wawili katika kila elfu, wavulana wakiwa kama mara mbili ya wasichana, na hakuna mama aliyesababisha kwa kucheka mtu. Anayehitaji kulielewa hili kuliko wote ni baba, kwa sababu nauli ya kila wiki inauma, na nyumba yenye lawama haifiki kliniki ya tano. Kaeni mapema, tengeni nauli ya wiki zote kabla ya hogo la kwanza.

Kama ni mguu mmoja, usishtuke unyayo ukibaki mdogo kidogo na shavu la mguu likiwa jembamba kuliko la mwenzake. Haimzuii kukimbia. Cha kukushtua ni kisigino kinachoanza kunyanyuka, au mtoto kukanyagia upande wa nje wa unyayo. Hapo nenda kliniki wiki hiyo hiyo, hata kama tarehe ya kadi bado: mguu unaoanza kurudi mara nyingi hurekebishwa kwa mahogo machache tu ukiwahiwa.