"Twiga wamechorwa" au "twiga zimechorwa"?

SWALI: Ninaandaa makala kuhusu michoro ya miambani ya Kondoa, Tanzania. Niliandika "twiga wamechorwa kwa rangi nyekundu", lakini mhariri wangu akasahihisha kuwa "twiga zimechorwa", kwa hoja kwamba hizo ni picha tu, hazina uhai. Nani yuko sahihi?

JIBU: Wewe ndiye uliyeandika sawa. Upatanisho wa kisarufi hufuata jina la kiumbe, haufuati pumzi yake. Ndiyo maana tunasema "samaki aliyekaangwa" na "mbuzi aliyechinjwa", ingawa uhai umekwisha kuwatoka. Jina likibadilika, upatanisho nao hubadilika: mbuzi huyo akiitwa mzoga, tutasema "mzoga umeoza". Vivyo hivyo, "picha ya twiga aliyeinamisha shingo imefifia" ni sentensi safi, kwa kuwa iliyofifia ni picha na aliyeinamisha ni twiga.

Huenda mhariri wako alivutwa na msemo kama "ng'ombe zangu". Hapo z- huishia kwenye kimilikishi, nacho kitenzi hubaki palepale: "ng'ombe zangu wamepotea".

Hoja ya uhai ina kasoro kubwa zaidi. Katika miamba ya Kolo na maeneo mengine ya Kondoa, ambayo UNESCO iliyaingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, watu warefu wembamba wamechorwa kwa rangi ileile nyekundu iliyotumika kwa twiga, tembo na pofu. Sidhani kama mhariri yeyote angethubutu kuandika "wawindaji zimechorwa", ilhali wawindaji hao nao ni rangi juu ya jiwe. Akiwavua wanyama peke yao upatanisho wa viumbe, atakuwa ameweka kati ya mtu na mnyama mpaka ambao mwamba wenyewe hauuonyeshi, na hilo linaharibu maana ya makala yako, si sarufi yake tu.

Mpaka huo huwa mgumu zaidi pale mtu na mnyama wanapokuwa mwili mmoja. Katika pango la Lascaux nchini Ufaransa, lililogunduliwa mwaka 1940, kuna mtu mwenye kichwa cha ndege anayeonekana akianguka mbele ya baisoni (mnyama mkubwa wa jamii ya ng'ombe-mwitu) aliyetokwa na matumbo. Ukiamua kumwita kiumbe, usidanganywe na ki- ya mwanzo: andika "kiumbe huyu amechorwa". Ila ile sanamu ya mtu mwenye kichwa cha simba, iliyopatikana mwaka 1939 katika pango la Hohlenstein-Stadel, Ujerumani, "imechongwa" kwa pembe ya mamothi (mnyama wa kale wa jamii ya tembo), maana kiima hapo ni sanamu.

Utakapotaja wanyama pamoja na maumbo yasiyo viumbe, kama miduara, usilazimishe kitenzi kimoja kibebe vyote. Tenganisha: "Twiga wamechorwa upande wa juu, na chini yao imechorwa miduara."