Usiku ule nilizima taa

Miaka sita iliyopita jirani yangu alichomwa kisu hatua chache kutoka mlangoni kwangu. Nilisikia zogo, nikasikia mtu akiita, nikazima taa. Kwa muda mrefu nilikuwa nikisimulia kana kwamba nilikuwa nimelala.

Tulizika, tukatoa pole, tukatawanyika. Polisi walimkamata kijana wa mtaa huohuo, nasi tukadhani yameisha. Lakini jioni zetu zilikufa. Watoto wakawa wanaitwa ndani jua likiwa bado juu, na kila aliyechelewa kurudi akatazamwa kwa jicho la shaka. Familia mbili zilihama bila kuaga.

Mwanangu alikuwa na miaka minane. Hakuona kitu, ila masomo yakamshinda ghafla. Mwalimu alisema ni uvivu, nami nikakubali (hadi leo najilaumu). Baadaye nikakutana na utafiti wa mwanasosholojia Patrick Sharkey, uliotoka mwaka 2010. Aligundua kwamba watoto weusi wa Chicago waliopimwa msamiati na kusoma siku chache tu baada ya mtu kuuawa karibu na kwao walipata alama za chini kuliko wenzao wa mtaa uleule waliopimwa wakati mwingine. Kwa hiyo nenda ukaongee na mwalimu mapema. Na mtoto mwambie ukweli, kwa maneno machache. Mimi nilisema jirani amesafiri. Uongo huo ulidumu siku mbili.

Kwa mjane nilikosea kwa namna nyingine. Nilimkalisha nikamtaka aseme yote, nikiamini kusema kunapunguza uzito. Kumbe Shirika la Afya Duniani halipendekezi kumtaka mtu aliyetoka kupatwa na jambo kama hilo alisimulie upya. Msikilize akitaka kusema, muulize anahitaji nini. Nilipouliza hatimaye, alihitaji mtu wa kukaa na watoto siku za kesi. Kesi iliahirishwa mara nyingi, na kila tarehe ilitonesha kidonda, wakati waliojaa mazishini walikwisharudi kwenye shughuli zao. Ukitaka kusaidia, ziandike tarehe hizo.

Picha za marehemu zikikufikia kwenye simu, zifute. Hapo sina la kuongeza.

Niliyemsahau kabisa ni mama wa yule kijana. Aliendelea kuishi palepale, watu wakivuka barabara ili wasikutane naye, wanawe wadogo wakiitwa ndugu wa muuaji. Nilianza kumsalimia mwaka wa pili. Wapo walionichukia kwa hilo, na nawaelewa, lakini wale wadogo hawakumshikia mtu kisu.

Nawe usijisahau. Mwezi ukipita na bado hulali, unashtushwa na kila mlio, unakwepa njia ile, mwone mtaalamu wa afya ya akili. Nilingoja miaka miwili nikidhani mwenye haki ya kuumia ni mjane peke yake.

Mwaka jana nilimweleza mjane habari ya taa. Akasema alijua, dirisha lake linatazamana na langu, aliiona ikizimika. Tukakaa kimya. Kisha akaniuliza kama siku ya rufaa nitakuwa na nafasi ya kukaa na watoto.