Mfano wa ndege ya Spitfire kupiga ukungu mweupe baada ya vanishi na stika kung'aa pembeni

Yakhe picha ulizoweka, ukiuliza mfano wako wa ndege umeharibika vipi, nimeziona. Spitfire, ile ndege ya kivita ya Waingereza, ya 1/72 (ndogo mara 72 kuliko ya kweli) imepakwa vizuri, kisha vanishi ya mwisho ikaitia weupe kama imepakwa poda, na zile stika za duara za RAF (jeshi la anga la Uingereza) zimefanya mng'ao wa fedha pembeni. Huyo alokwambia ununue vanishi ya ghali mwache, pesa yako kaa nayo, hizo ni shida mbili na hata moja si ya bei.

Weupe ni unyevu. Umesema mwenyewe ulipuliza masika na dirisha wazi, sasa thina ikiruka inaupoza ule uso wa rangi, unyevu wa hewa unatua hapo hapo kabla vanishi haijashika, umenasa ndani. Mie hapa Wete masika kopo la spree siligusi, nafanya kazi za brashi tu, kiti, rubani, magurudumu, mapuliza yote nangojea kipupwe. Ikibidi sana basi baina ya adhuhuri na alasiri maana asubuhi hewa bado mbichi, au chumba cha AC ilowashwa mapema, na barakoa uvae usijifanye shujaa. Kopo lioge kwanza maji ya vuguvugu (vuguvugu, si ya moto!) linatoa rasharasha laini zaidi.

Hiyo yako usiikwangue na msasa. Ngoja siku kavu, piga koti jembamba la vanishi ya kung'aa, ya aina ile ile, mara nyingi weupe unapotea wenyewe, ikikauka vizuri ndo urudishe mati (ile isong'aa).

Sasa stika. Ulizibandika juu ya rangi mati, na rangi mati ukiitizama na lenzi ni mabonde matupu, stika inakaa juu juu na hewa inabaki chini, ndo ile fedha unoiona. Siku nyengine vanishi ya kung'aa inatangulia, stika, halafu mati juu ya vyote. Kwa hizi zilokwisha kukaa, ilikuwa bora kabla ya vanishi lakini si neno, zichome chome na ncha ya sindano pale penye mng'ao tu, tia dawa ya kulainishia stika kwa brashi, gandamiza na pamba ilolowana kidogo, rudia mpaka ilale kwenye mistari ya maungio ya mabati. Wengine tunatumia siki nyeupe ilotiwa maji, ila jaribu kwanza kwenye stika usoihitaji, nyengine zinakunjamana.

Chengine, hukuuliza lakini ntakwambia, umechubua rangi mno ili ionekane imechakaa. Ndege za 1940 nyengine hazikuishi hata miezi vitani, zitachakaa saa ngapi? Michubuko iweke kwenye shina la bawa, pale linapoungana na kiwiliwili, zaidi la kushoto kwa sababu mlango wa rubani uko upande huo, wakipandia hapo. Na matundu ya bunduki mbele ya mabawa yalikuwa yakizibwa kwa vitambaa vyekundu, risasi zikipita vinatoboka na masizi yanarudi nyuma chini ya bawa. Kwa hiyo chagua moja, vitambaa vizima na chini kusafi, au vimetoboka na masizi. Wewe umeweka vizima na masizi juu yake.