Char siu yangu inaungua nje, ndani mbichi

SWALI: Dada, habari za kazi. Mimi hufuata mzigo Guangzhou, na kila nikienda lazima nile char siu, ile nyama ya nguruwe nyekundu, tamutamu. Hapa Dar nimeloweka kitimoto kwenye asali na soya sosi, nikaingiza kwenye oveni. Nje ikawa mkaa, ndani mbichi. Nakosea wapi?
Msomaji, Kinondoni

JIBU: Salama, kaka. Asali ndiyo inayokuponza. Sukari huwahi kuungua kabla nyama haijaiva, kwa hiyo asali isubiri mwisho.

Tuanzie buchani. Usichukue steki, itakauka. Omba bega au shingo, sehemu ambayo mafuta yamepita katikati ya nyama. Kilo 1 ikate vipande virefu vyenye unene wa sentimita 4. Changanya vijiko 3 vya chakula vya hoisin (sosi nzito, tamu ya Kichina), 2 vya soya sosi, 2 vya sukari, kitunguu swaumu kilichopondwa na nusu kijiko cha chai cha unga wa mchanganyiko wa viungo vitano vya Kichina. Wekundu wa kule Guangdong, jimbo la Guangzhou, wengi huupata kwenye tofu (jibini la soya) nyekundu iliyochachushwa. Ponda kipande kimoja utie humo. Ukiikosa, basi. Rangi ya keki mimi siitaki kabisa kwenye nyama. Acha ilale kwenye friji mpaka kesho.

Washa oveni nyuzi 190. Panga nyama juu ya wavu, na chini yake weka treya yenye maji kidogo, maana sosi ikidondokea treya kavu inaungua, na moshi wake unaitia nyama uchungu. Choma dakika 20, geuza, ongeza 15. Sasa ndiyo zamu ya asali: vijiko 3 na kimoja cha maji ya moto. Paka, pandisha hadi 220, na usibanduke hapo. Asali itatoa mapovu, kingo zitaanza kuwa nyeusi. Geuza, paka tena, dakika chache tu, toa. Kwangu mimi hizo kingo ndizo char siu yenyewe.

Kipande kinene kuliko vyote kifike nyuzi 71 katikati. Kwa nguruwe sikubali pungufu. Sosi iliyolowekea nyama mbichi usiipake mwishoni bila kuichemsha kwanza.

Ipumzishe dakika 10, kisha ikate kwa kukatisha nyuzinyuzi za nyama, ule na wali mweupe.