Maswali na Majibu: Yasemwe Kundini au Yasemwe Faraghani?

Barua nyingi tulizopokea msimu huu zinahusu namna watu wanavyosemezana katika makundi ya WhatsApp, na yanayoendelea faraghani kati ya wanakundi wawili baada ya mazungumzo ya wote kuchafuka. Tumechagua nne. Tumezifupisha na kuondoa kila kitu kinachoweza kumtambulisha mwandishi au anayemlalamikia.

Ndugu Mhariri,
Ninasimamia kundi la watu wa kwetu waliotawanyika Tanga, Dar es Salaam na Muscat. Lilianzishwa kwa ajili ya misiba na harusi. Juzi, tukiwa tunakusanya rambirambi, kijana mmoja aliandika mbele ya wote kwamba mweka hazina, mzee wa makamo ya baba yake, "anakula michango ya marehemu". Mzee akajibu kwa ujumbe wa sauti uliojaa matusi, na watu wakagawanyika. Nilimwandikia kijana pembeni nikamwomba afute, akanijibu kwamba ninamlinda mzee kwa sababu ni mjomba wangu. Ni kweli ni mjomba wangu. Je, nimtoe kijana kundini?
*Msimamizi, Tanga*

Jibu: Ndugu yangu, poleni kwa msiba, na pole kwa fitina iliyouandama. Usimtoe. Mtu anapotolewa, kila aliyemo huona kwamba fulani amemtoa fulani, tofauti na anayejiondoa mwenyewe, ambaye tangu mwaka 2022 taarifa yake huwafikia wasimamizi peke yao. Kumtoa ni hukumu inayosomwa mbele ya ukoo mzima, na hii ingesomwa ikiwa na jina la mpwa wa mtuhumiwa. Hata ungekuwa na haki, nusu ya kundi isingeamini.

Kijana amefanya mambo mawili kwa pumzi moja, nawe inakupasa uyatenganishe. Ameuliza fedha ziko wapi, na amemwita mtu mwizi. La kwanza ni haki ya kila aliyechanga, awe ametoa elfu tano au laki tano. La pili ni tuhuma nzito iliyotolewa bila ushahidi, tena wakati wa kilio, mbele ya watoto na wajukuu wa anayetuhumiwa. Ukifuta ujumbe wote kisha ukanyamaza, utakuwa umelifuta swali pamoja na tusi, na swali la fedha lililofutwa halifi: huhamia inboksi, ambako watu watalijadili wawili wawili bila mweka hazina kupata nafasi ya kujibu.

Leo hii, kabla hujaandika neno jingine, tumia uwezo waliopewa wasimamizi tangu mwaka 2018 wa kulifunga kundi ili wasimamizi pekee ndio waweze kuandika. Taja sababu na taja saa ya kulifungua, tuseme kesho saa kumi na mbili jioni, kwa kuwa kundi likifungwa bila ahadi ya kufunguliwa, watu huanzisha jingine usiku uleule. Kisha jiweke kando katika shauri hili. Kijana amekukosea adabu, lakini hoja yake ya udugu ni ya kweli, na huwezi kuijibu kwa kuapa kwamba unatenda haki. Kundi linaruhusu wasimamizi zaidi ya mmoja, kwa hiyo mwombe mtu mzima anayeheshimiwa na pande zote mbili, asiye wa nyumba ya mjomba wako wala ya kijana, alishike jambo hili mpaka liishe.

Huyo ndiye atakayemwandikia kijana faraghani, na maneno ya ujumbe wenyewe yana uzito kuliko watu wanavyodhani. Kama ni mama mtu mzima, anaweza kuandika hivi: "Mwanangu, swali lako la hesabu nimeliona, na litajibiwa kundini kesho jioni. Lakini umesema mzee anakula michango, na ushahidi hukuutoa. Neno hilo linamdhalilisha mbele ya wanawe. Naomba ulifute mwenyewe kabla kundi halijafunguliwa. Ukikataa nitalifuta mimi, na nitawaambia watu kwamba nimelifuta na kwa nini." Ujumbe huo unakiri swali, unataja neno lenye kosa, unatoa muda na unasema kitakachofuata. Haugusi malezi ya kijana, wala kazi aliyokosa, wala deni la mwaka juzi. Usimamizi uliochelewa nao una gharama yake: mwenye ujumbe hupewa takriban siku mbili na nusu tu za kuufuta kwa wote, na zikipita hana tena njia ya kujirekebisha kwa mkono wake.

Mzee asiandikiwe, apigiwe simu, na apigiwe na mtu wa rika lake. Maandishi hayana sauti, na mzee aliyekwisha kudhalilishwa atasoma karipio hata mahali palipo na ombi. Hata hivyo ujumbe wake wa matusi ufutwe kwa kipimo kilekile alichopimiwa kijana. Umri unampa haki ya kuambiwa kwa upole na kwa siri. Haumpi ruhusa ya kutukana, na haumwondolei wajibu wa kuonyesha hesabu.

Kundi linapofunguliwa, kitangulie kitu kimoja: mapokezi yote, kilichokabidhiwa kwa wafiwa, kilichobaki, pamoja na picha ya daftari au orodha ya miamala ya simu. Tuhuma iliyotolewa mbele ya watu hujibiwa mbele ya watu. Adabu ya mtu huzungumzwa naye pembeni. Wasimamizi wengi hugeuza mpango huo, wakamkaripia mtu hadharani na kumnong'oneza hesabu faraghani, na hapo ndipo makundi mengi ya ukoo yanapovunjika.

Ndugu Mhariri,
Mwanangu yuko darasa la tatu, na wazazi wa darasa lake tumeunganishwa katika kundi moja. Mzazi mmoja wa kiume nisiyemfahamu alichukua namba yangu humo akaanza kuniandikia usiku. Mwanzo zilikuwa salamu na maswali ya kazi za nyumbani za watoto, kisha akaanza kuisifia picha yangu. Nilimwambia aache. Akajibu kwamba ninajisikia, na kwamba anajua mtoto wangu hutoka shuleni saa ngapi. Nikijiondoa nitakosa taarifa za shule. Mume wangu yuko safarini na sijamwambia, nikihofia ugomvi.
*Mama, Dodoma*

Jibu: Dada yangu, mpaka sentensi ile ya kumtaja mtoto, mtu huyu alikuwa msumbufu aliyekosa haya. Alipomtaja mtoto alikutisha, na kitisho hakishughulikiwi kwa staha ya kundi.

Usifute hata herufi moja. Piga picha za skrini zinazoonyesha namba yake kamili, tarehe na saa, uzitume kwa mtu wa pili unayemwamini ili zisiwe katika simu moja. Ukimaliza hilo, mripoti kwa WhatsApp, ambako jumbe zake tano za mwisho hupelekwa zikaguliwe, kisha mzuie. Ujue kwamba kumzuia kunakata jumbe na simu za faragha pekee: ndani ya kundi mtaendelea kuonana mnavyoandika. Ndiyo maana shule lazima ijue. Nenda kwa miguu yako kwa mwalimu mkuu, si kwa ujumbe, na mkubaliane kwa maandishi nani tu anaruhusiwa kumchukua mtoto. Anayepaswa kuondoka kundini ni yeye, wewe baki.

Siku hiyohiyo pita Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 23, inamkataza mtu kumtumia mwingine mawasiliano ya kielektroniki kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumtia simanzi, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Asikubabaishe kwa kubadili jina au picha ya wasifu, kwani laini za simu nchini husajiliwa kwa alama za vidole na namba hubaki na mwenyewe.

Kuhusu mumeo, mwambie, na mwambie ukiwa tayari umefika polisi, ili jambo limfikie likiwa na njia ya kisheria ya kulifuata. Siri yako inamfaa msumbufu peke yake. Shuleni nako ulizia kwa nini kundi linaendeshwa kwa namna ambayo namba ya kila mzazi iko wazi kwa wote. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imejengwa juu ya msingi kwamba taarifa ya mtu iliyochukuliwa kwa kazi moja isitumiwe kwa kazi nyingine. Namba yako uliitoa kwa ajili ya masomo ya mtoto. Matangazo ya shule yanaweza kutumwa kwa njia isiyofichua namba ya mzazi kwa mzazi mwenzake, na mwalimu anayesimamia kundi ana deni la kuwalinda waliomo.

Ndugu Mhariri,
Niko katika kikundi cha vikoba. Nilimwandikia mwenzangu faraghani kwamba mwenyekiti wetu anapendelea jamaa zake katika mikopo. Tulipokosana, akapiga picha maneno yangu na kuyaweka kundini. Sasa ninaitwa mnafiki. Nami ninazo jumbe zake akimsema mwenyekiti huyohuyo vibaya kuliko mimi. Nizirushe?
*Mwana-vikoba, Morogoro*

Jibu: Usizirushe. Ninaelewa uchungu wa kuona umebebeshwa peke yako mzigo mlioubeba wawili, lakini ukifanya alilofanya, kikundi kizima kitajua kwamba hakuna aliyemo anayeweza kuandikiwa neno la siri, na wanaowekeana fedha hawawezi kuishi hivyo. Tangu mwaka 2016 jumbe za WhatsApp hufungwa kiasi kwamba hata kampuni yenyewe haiwezi kuzisoma zikiwa njiani. Kufuli hilo huishia mkononi mwa mpokeaji. Kuanzia hapo kinachobaki ni uaminifu wa mtu, pamoja na Katiba yetu, ambayo katika Ibara ya 16 inatambua haki ya kila mtu kuheshimiwa na kuhifadhiwa maisha na mawasiliano yake ya binafsi.

Msimamizi alipaswa kuziondoa picha zile mara alipoziona, bila kujali zilisema ukweli au uongo. Mwombe afanye hivyo hata sasa. Wewe nawe nenda kwa mwenyekiti ana kwa ana, usikane maneno yako, umwombe radhi kwa kumsema kando, kisha uliweke suala la mikopo mahali lilipostahili kuwekwa tangu mwanzo: katika mkutano, mbele ya katibu, mkiwa na orodha ya waliokopeshwa. Huenda orodha ikakuonyesha kwamba ulikosea, na huenda ikaonyesha kwamba uliona vizuri.

Mtu asije akasoma jibu hili akamlaumu mama wa Dodoma. Kupeleka kitisho, utapeli au udhalilishaji kwa wenye mamlaka ya kuushughulikia si kuvunja siri. Anayekutisha hakukuachia amana yoyote ya kumtunzia.

Ndugu Mhariri,
Ninasimamia kundi la mtaa wetu lenye watu mia kadhaa. Msimu wa siasa watu hurusha maneno ya kikabila. Je, mimi msimamizi ninaweza kushtakiwa kwa maneno ya mwingine?
*Msimamizi, Mombasa*

Jibu: Anayeandika ndiye wa kwanza kuwajibika, na kwa Kenya kifungu cha 13 cha Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008 kinamhusu moja kwa moja: faini isiyozidi shilingi milioni 1, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Lakini msimamizi hayuko kando kabisa. Kabla ya uchaguzi wa 2017, Mamlaka ya Mawasiliano pamoja na tume ya uwiano walitoa mwongozo uliosema wazi kwamba ni jukumu la anayesimamia ukumbi wa mtandaoni kuratibu na kudhibiti yanayojadiliwa humo.

India, ambako swali lako limefika mahakamani zaidi ya mara moja, Mahakama Kuu ya Kerala iliamua Februari 2022 kwamba msimamizi hawajibiki kwa ujumbe wa mwanakundi kwa sababu tu ni msimamizi, kwa kuwa uwezo wake ulikuwa kumwingiza mtu au kumtoa, basi. Uamuzi huo haufungi mahakama za Kenya. Zaidi ya hayo, baadaye mwaka huohuo WhatsApp iliwapa wasimamizi uwezo wa kufuta ujumbe wa mtu yeyote kwa kundi zima, na hoja ya "sikuwa na la kufanya" imedhoofika tangu hapo.

Kwa hiyo andika kanuni katika maelezo ya kundi, kwa lugha ambayo kila mtu mtaani kwenu anaielewa: hakuna kabila la mtu, hakuna tusi, anayerudia baada ya kuonywa faraghani hutolewa. Kundi la ukubwa wa lenu linahitaji wasimamizi watatu au wanne wa makabila na vyama tofauti, ili ufutaji wa ujumbe usionekane kuwa wa upande mmoja. Kila mnapofuta, wekeni kumbukumbu fupi ya tarehe, saa na sababu katika kikundi chenu cha wasimamizi. Polisi wakija kuuliza, kumbukumbu hiyo ndiyo mtakayowaonyesha.