Uliza Lugha: Je, "Reverend" ndiye Mchungaji?

SWALI: Mimi ni katibu wa usharika, na ndiye ninayeandika barua za Kiingereza kwa marafiki zetu walioko Uingereza. Barua ya mwisho niliianza kwa "Dear Reverend Smith", na mzee mmoja aliyesoma huko akaniambia kuwa nimekosea. Kwani Reverend si Mchungaji?
Msomaji, Moshi

JIBU: Ndugu msomaji, mzee huyo hakukuonea. Mchungaji ni nomino, jina la kazi ya mtu, ilhali Reverend kwa asili ni kivumishi kilichotoka katika neno la Kilatini reverendus, yaani "astahiliye kuheshimiwa kwa kicho". La kwetu linalokikaribia zaidi ni lile tunalomtangulizia meya: katika Mstahiki Meya, kazi imetajwa na neno la pili, na la kwanza linasifu tu. Kwa sababu hiyo Kiingereza cha uangalifu huandika "the Reverend John Smith", kwa jina kamili, na barua huanza "Dear Mr Smith". Askofu huongezewa neno akawa "the Right Reverend", na askofu mkuu "the Most Reverend". Marekani, na hata kwa Waingereza wengi wa leo, "Reverend Smith" ni jambo la kila siku, kwa hiyo hukumvunjia mtu heshima. Ila katika barua rasmi ningeshika utaratibu wa zamani.

Kwamba neno hili ni sifa wala si cheo, jambo hilo liliwahi kufikishwa mahakamani, tena kwa msiba. Katika kijiji cha Owston Ferry, Lincolnshire, mhubiri wa Kimethodisti aitwaye Henry Keet alifiwa na binti yake, akataka jiwe la kaburi limtaje marehemu kuwa binti wa "the Rev. H. Keet". Kasisi wa Kianglikana wa mahali hapo alikataa, akishikilia kuwa neno hilo haliwahusu wahubiri wasio wa kanisa lake, na mahakama za kanisa zikamuunga mkono. Baba hakukata tamaa mpaka shauri likafika kwenye Baraza la Faragha (Privy Council) jijini London, lililokuwa mahakama ya mwisho ya rufaa kwa mashauri ya kanisa, ambalo mwaka 1876 liliamua kuwa Reverend si cheo cha mtu yeyote bali ni neno la kusifu na kuheshimu, na jiwe likaruhusiwa kuandikwa alivyotaka. Naliona lilikuwa shauri la haki kabisa, kwani herufi tatu hazikustahili kumwongezea uchungu mzazi aliyefiwa.

Hata katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 neno hili limo mara moja tu, katika Zaburi ya 111, nalo halimsifu mwanadamu bali jina la Mungu. Biblia yetu ya Union inasema hapo "la kuogopwa".

Jihadhari pia na herufi ya mwisho: reverend ni anayestahili kicho, reverent ni yule anayekionyesha. Na unapoandika Kiswahili, "Mch." inatosha; usiifuatishe na "Rev."